Hakuna Aliyeniambia Basi

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama ndani ya ndiva, maji yamenifika kifuani, beleshi mkononi, na jua linazama. Wengi mmempigia mhariri kuuliza kama nimekufa. Msomaji mmoja wa Mbeya akauliza: kama huyo dada amekufa, anayeandika ni nani? Ahsante sana, baba. Mtu mwenye akili kama zako alihitajika sana kwenye kikao nitakachowasimulia leo.

Kwa aliyefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni Rogathe, mzaliwa wa huku milimani, Upare, wilaya ya Same. Nilikwenda Maskati kufanya kazi za ndani, nikatumika nyumba moja miaka minne, nikarudi miezi mitatu iliyopita na begi moja na ugonjwa usio na jina.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Siwezi kukaa kitako mbele ya watu. Siwezi kutia chakula mdomoni mpaka wote wameshiba na sufuria zimesuguliwa. Na nikiishika kazi, siwezi kuiacha mpaka mtu aniambie basi.

Mnacheka. Chekeni tu, hata kwetu walicheka, tena kwa furaha. Mama alikwenda kunitangaza kwa akina mama wa kwaya.

"Huyu sasa ndiye mwanamke," aliwaambia. "Saa kumi alfajiri ameshaamka. Kiti hakijui. Chakula anakula mwisho, tena amesimama jikoni."

Wakapiga vigelegele. Mmoja wao akaniletea vyombo vyote vya harusi ya mwanawe nioshe, kwa sababu, alisema, inaonekana napenda. Ndani ya mwezi mmoja zikaja posa mbili. Yule wa pili hakuuliza hata nina miaka mingapi. Aliuliza kama kukata majani ya ng'ombe nako naweza kuanza saa kumi.

Nikashuka Same mjini, kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Nikamweleza mtabibu kwamba siwezi kukaa. Aliandika harakaharaka bila kuinua uso, nikapewa dawa ya bawasiri ya kupaka. Bado ninayo nyumbani, kama kuna anayeihitaji.

Lakini aliyeufurahia ugonjwa wangu kuliko wote ni Madam Rosemary. Huyu ndiye wakala aliyenipeleka Maskati. Ana ofisi pale Same, karibu na stendi, haina kibao. Yeye mwenyewe alitumika Uarabuni miaka minane kabla ya kuanza kupeleka wengine. Tangu nirudi akawa anapanda kwetu na wazazi wa mabinti wengine, wananikuta nimesimama ukutani na trei ya chai.

"Mnaona wenyewe," anawaambia. "Alikwenda mtoto mkaidi, amerudi mtu mwenye nidhamu."

Nilikuwa tangazo lake, tena tangazo linaloosha vikombe wateja wakishaondoka.

Na tangazo likamwingia mdogo wangu. Fortunata ana miaka ishirini na miwili na kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia. Pasipoti ilikuwa imeshatoka, safari ni Ijumaa, anakwenda kulekule. Miezi mitatu nilijaribu kumwambia.

"Dada, kwani walikupiga?"

"Hawakunipiga."

"Walikunyima chakula?"

"Hapana. Ila siku moja bibi wa nyumba alinifungia juu ya paa, kuanzia asubuhi mpaka jua likazama."

"Siku moja? Katika miaka minne?"

Kinachoniuma hakina kovu la kumwonyesha mtu. Nilifika mahali nikawa radhi niitwe kichaa wilaya nzima, milimani na tambarare, ilimradi Fortunata asipande ile ndege.

Haya, turudi majini.

Siku ile ilikuwa msaragambo. Kwa msomaji ambaye si Mpare: pembe inapigwa alfajiri, kila nyumba inatoa mtu, mnakwenda kufanya kazi ya wote. Safari hii ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kukingia maji ya kijito, ili kila mwenye shamba ayapate kwa zamu yake. Saa saba mchana pembe ikalia tena. Watu wakaweka mabeleshi begani, wakaenda zao kula makande.

Mimi nikaendelea. Nilikuwa kwenye kona ya chini, nyuma ya ukuta, na tope lilikuwa bado lipo. Pembe niliisikia vizuri kabisa. Mkono tu haukuachia beleshi.

Saa tisa akaja Wilbard, mgawa maji wetu. Akaziba tundu la ndiva, akafungulia kijito kiingie, akaondoka bila kuchungulia ndani. Maji yale yalikuwa ya zamu ya Sifael, mwenye shamba la maharage na tangawizi, mtu ambaye zamu yake ikichelewa dakika tano anaandika barua.

Msiniulize kama niliyaona maji. Niliyaona. Yalikuwa baridi, yakapanda vifundoni, magotini, kiunoni. Niliogopa, naungama. Nilikuwa nalia huku nakwangua tope ambalo hata silioni tena. Akili inasema toka, mwili unamngoja bibi wa Maskati aseme "halasi", yaani basi. Ile siku aliyonifungia juu ya paa, kosa langu lilikuwa kuacha kupiga pasi bila kuambiwa. Hakunigombeza. Ulikuwa mwezi wa sita, jua la kule mnalisikia kwenye habari, na jioni aliponifungulia aliniuliza kwa upole kama nimeelewa. Nilielewa. Shida ni kwamba nimeendelea kuelewa mpaka leo.

Machweo Wilbard akarudi kuangalia maji yamejaa kiasi gani, akakuta kichwa cha mtu na mabega. Mwanamume yule hajui kuogelea. Akafikiri nimeamua kufa. Badala ya kusema neno akakimbilia tundu, akang'oa kizibo.

Maji yote ya Sifael yakateremka bondeni, kwenye migomba ya watu ambao hata zamu hawana. Yalipobaki ya magotini ndipo Wilbard akapata sauti.

"Toka huko!"

Nikatoka papo hapo. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama kuna kazi nyingine.

Kwingine mtu akitolewa majini hupewa uji na blanketi. Kwetu nilipewa wito wa kufika kwenye kikao. Sisi Wapare kesi tunaipenda, sitawaficha, na kesi ya maji ndiyo tamu kuliko zote.

Kikao kilifanyika Jumatano asubuhi, kwenye banda la kupimia tangawizi. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Elinaza, alivaa koti lake la ibada akasoma ajenda. Ya kwanza, maji yaliyopotea. Ya pili, zamu ya Sifael. Ya tatu, mengineyo. Mimi nilikuwa kwenye mengineyo.

Nilikuwa pia kwenye chai. Mtuhumiwa ndiye aliyeipika, ndiye aliyegawa vikombe, ndiye aliyesimama ukutani na birika akisubiri kuona nani kamaliza. Hakuna aliyeona ajabu.

Mbele kabisa, kwenye kiti cha mgeni, alikaa Madam Rosemary. Alikuwa amepanda na gari lake kumchukua Fortunata, akalale mjini kabla ya safari. Alimletea Mama mfuko wa mchele wa Kihurio, akakuta nyumba tupu, watu wote wako kwenye kesi, basi naye akaja. Fortunata alisimama mlangoni, begi miguuni.

Kabla hatujaanza Mama alinivuta pembeni.

"Sema uliteleza."

"Sikuteleza, Mama."

"Teleza tu, mwanangu. Aliyeteleza hana kosa. Aliyesimama mwenyewe kwenye maji atapewa jina, na hilo jina litamfuata mdogo wako mpaka uwanja wa ndege."

Nilikuwa nafikiria kwamba hilo ndilo ninalolitafuta.

Wilbard akapewa nafasi ya kwanza.

"Mwenyekiti, mimi nilidhani anajiua."

Mzee Elinaza akavua miwani.

"Hilo neno lisiingie kwenye muhtasari," akamwambia katibu. "Tukiliandika, polisi watapanda huku. Na wakishapanda hawataulizia hilo peke yake."

Katibu akafuta. "Niandike nini?"

"Andika alikuwa anaoga."

"Na beleshi?"

Mzee Elinaza akafikiri kidogo. "Beleshi liache."

Sifael akainuka, karatasi mkononi. Alikuwa ameandika hoja zake tangu usiku wa kuamkia siku ile.

"Mimi sina ugomvi na mtu kuoga," akasema. "Nina ugomvi na wewe, Wilbard. Huyu dada, kwa maelezo yako mwenyewe, alitoka kwa neno moja. Hilo neno kwa nini hukulisema kabla ya kung'oa kizibo?"

"Nilishtuka."

"Ulishtuka na maji ya nani?"

Kesi ikanoga. Wilbard akasema yeye ameokoa roho. Sifael akasema roho hata yeye anazipenda, ila tangawizi haisubiri. Mtu wa nyuma akauliza mwenye migomba iliyonyweshwa bure atachukuliwa hatua gani. Mwenye migomba akasema maji yalimfuata yeye, hakuyafuata. Katika yote hayo hakuna aliyeuliza mwanamke mzima alikuwa anatafuta nini kwenye maji ya kifua.

Mwishowe Wilbard, amebanwa, akanisogezea kesi mimi.

"Na yeye je? Pembe ya kuacha kazi ililia. Hakuisikia?"

Wakanigeukia wote.

"Niliisikia, baba," nikasema.

"Sasa ulibaki unafanya nini?"

Mama akakohoa. Nikamtazama Fortunata kule mlangoni.

"Sikuteleza," nikasema. "Wala sikuwa naoga, wala sikutaka kufa. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie basi. Hakuna aliyeniambia."

Nilitegemea watanyamaza. Walicheka. Sifael alicheka mpaka akapaliwa na chai, ikabidi nimpige mgongoni.

"Pembe imewaambia watu mia," akasema akifuta macho. "Wewe ulitaka uambiwe kwa barua?"

"Pembe haikunitaja jina."

Hapo nilikosea. Kumwambia Mpare neno kama hilo ni kumfungulia kesi nyingine. Walijadili nusu saa nzima kama pembe humwambia mtu mmojammoja au huwaambia wote kwa pamoja, na kama huwaambia wote, je, mmoja wao anaweza kudai kwamba yeye hakuambiwa. Mzee mmoja akakumbusha shauri la namna hiyohiyo lililoamuliwa kabla ya Uhuru. Mimi nikapita na chai mara ya pili.

Hukumu ikatoka: Wilbard ampe Sifael zamu yake ya Jumatatu. Pembe iendelee kuwaambia wote. Watu wakaridhika, wakaanza kutafuta kofia zao.

"Mengineyo yapo?" Mzee Elinaza akauliza, daftari ameshalifunga. Hilo ni swali ambalo hujibiwa kwa watu kuinuka.

"Lipo moja," nikasema. "Fortunata asiende Maskati."

Kofia zikarudi magotini.

"Jamani," Madam Rosemary akasema, anatabasamu, "dada mtu amechoka. Hayo si mambo ya maji."

"Ni haya haya ya maji, Madam. Kilichonibakisha kwenye ndiva nilikitoa kule. Mimi naumwa. Naumwa akili. Nasema mwenyewe, msije mkasema mmesingiziwa. Mnaniona sikai, mnasema nina nidhamu. Nidhamu mtu anaweza kuivua akifika kwao. Mimi hii haivuliki."

Mzee Elinaza akanitazama kwa masikitiko ya kweli.

"Lakini mbona unajieleza vizuri, mwanangu? Mgonjwa wa akili hajielezi hivyo."

"Na tena amenenepa," Madam Rosemary akaongeza.

Watu wakaitikia. Kunenepa ni ushahidi mzito huku kwetu, hasa ukitolewa na mtu mwenye gari.

"Kila anayerudi ana visa vyake," Madam akaendelea. "Anayeona wivu, anayetaka aende yeye tu. Mimi nimeyazoea. Fortunata, twende, mama, tusije tukakuta giza njiani."

Ilikuwa saa tano asubuhi.

Fortunata hakwenda. Aliliacha begi mlangoni, akaja mpaka katikati ya banda, akasimama mbele yangu. Nikaona kidevu chake kimeinuka, nikajua amekwisha kuamua jambo na hakuna wa kumtoa hapo.

"Dada, unisamehe, nitasema mbele za watu. Miezi mitatu nakuona umekataa kukaa. Mama amekubembeleza, umekataa. Mchungaji amekuja, umekataa. Mimi kukataa nakujua, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Ila kukataa ni kitu kimoja, kushindwa ni kingine."

"Nashindwa, Fortu."

"Basi tuone."

Akavuta benchi, akaliweka katikati.

"Watu wote wasimame. Mama akumiminie chai. Wewe ukae hapa uinywe, sisi tumesimama tunakutazama. Ukikaa, nitajua ni maringo au wivu, na mimi napanda gari la Madam sasa hivi. Ukishindwa, nafungua begi langu, nabaki."

"Mbele ya mkutano?" Mzee Elinaza akauliza.

"Mbele ya mkutano, babu. Na katibu aandike."

Mnaiona damu yetu hiyo. Msichana anaamua maisha yake kwa kuyaingiza kwenye muhtasari wa kamati ya maji.

Kikao kizima kikasimama, tena haraka kuliko wanavyosimamaga kwa sala. Sifael akasogea mbele apate kuona vizuri.

Ndugu zangu, nilitaka kucheka. Kwa mara ya kwanza ugonjwa huu ulikuwa upande wangu. Sikutakiwa kusema neno wala kumwonyesha mtu kovu. Nilitakiwa kusimama tu, na kusimama nimesomea miaka minne.

Lakini sikutaka kumlaghai. Fortunata nilimbeba mgongoni Mama akiwa shambani, nikamfundisha kutembea kwenye uwanja wetu. Nikajiambia nitajaribu kwa haki, ili akibaki, abaki kwa jambo la kweli.

Mama akamimina chai. Nikaliendea benchi, nikaligeuzia mgongo, nikayaambia magoti yakunjike.

Hayakukunjika.

Mzee Elinaza, mtu wa miaka themanini, alikuwa amesimama na fimbo yake. Mama alikuwa amesimama na kikombe. Wakubwa wangu wote wamesimama, na mimi ndio nikae nihudumiwe. Jasho likanitoka mpaka kwenye viganja. Nikasikia harufu ya nguo zinazoungua kwenye pasi, wakati huko bandani hakuna hata umeme. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ukakichukua kikombe kwa Mama, ukamrudishia anywe yeye.

"Kaa, mwanangu," Mama akasema. "Kaa, tafadhali."

"Siwezi, Mama."

"Jaribu tena."

Nikajaribu tena. Mapaja yakakakamaa mpaka nikalia kwa sauti, mbele ya watu niliowamiminia chai tangu asubuhi. Safari hii hakuna aliyecheka. Sifael akavua kofia, akawa anatazama karatasi yake ya hoja kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Alinishika paji la uso kwa mgongo wa mkono, vile alivyokuwa akitushika tukiwa na homa. Ilimchukua miezi mitatu, lakini alinishika.

"Huyu anaumwa," akasema polepole. "Mungu wangu, nimekuwa najisifia ugonjwa wa mwanangu."

Sikumbuki neno lililowahi kunipendeza kuliko hilo. Nililipokea kama watu wengine wanavyopokea cheti.

Fortunata alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Alipovitoa, sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nimeona, dada. Nimeona, inatosha."

Akarudi mlangoni, akachuchumaa, akashika zipu ya begi. Mzee Elinaza akamwambia katibu aandike kwamba mjumbe anaumwa na aliyetaka kusafiri ameghairi. Nikafunga macho. Nilikuwa nimeshinda, na miguu ilikuwa inaniuma kwa raha.

"Ngoja kwanza, mwenyekiti."

Madam Rosemary alikuwa ameinuka. Hakukasirika. Alikuwa anakunja miwani yake ya jua, anaitia kwenye pochi taratibu, kama mtu anayejiandaa kuingia jikoni.

"Naomba na mimi nimjaribu mara moja. Hawa mabinti nimewalea, nawajua. Mara nyingine mtu anataka tu aambiwe vizuri."

"Kila upande una haki yake," Mzee Elinaza akasema. Mzee huyo hata shetani angemwandikia zamu ya kujieleza. "Katibu, usifunge."

Fortunata akaachia zipu.

Viatu vya Madam vilikuja mpaka mbele yangu vikasimama. Hakunibembeleza. Alinyoosha mgongo, akainua kidevu, akanitazama kidogo tu juu ya nyusi, mahali ambapo watu wa kule huwatazama watu kama mimi. Halafu, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, sauti ambayo mtu huipata akishaamrishwa nayo miaka minane, akatamka neno moja la Kiarabu. Ni neno alilolitumia bibi wa Maskati aliponitaka nikae sakafuni nimkande miguu.

Nikamtazama machoni, nikaona kwamba anajua. Ugonjwa wangu alikuwa anaujua tangu siku ya kwanza aliponikuta ukutani na trei, kuliko zahanati, kuliko Mama. Pengine alishawahi kuugua huohuo yeye mwenyewe, akatafuta njia ya kuishi nao, na njia aliyoiona ikawa ni kuusambaza.

Nilitaka kupiga kelele kwamba siyo mimi. Nilitaka kumwambia Fortunata ageuke, asitazame. Ulimi ulikuwa mzito. Magoti ndiyo yalikuwa mepesi, mepesi kuliko yalivyowahi kuwa tangu nirudi nyumbani, na yalikuwa yanakunjika.

Watu wa bandani wakashusha pumzi. Katibu akaegemeza kalamu kwenye daftari.

Fortunata hajui Kiarabu. Alichokiona yeye ni dada yake anakaa.